LMDB kwenye mizani ya zabibu, Hombolo

Mwezi wa tatu sasa naitumia LMDB (hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili ndani ya kompyuta yako) kwenye laptopu ya kupimia zabibu huku Hombolo na kusema kweli nimeikubali, haina seva, haitaki intaneti, umeme ukikatika ghafla (na unakatika) ulichokwisha komiti (kuthibitisha kihifadhiwe) unakikuta palepale. Ila yenyewe inapokea baiti tu, objekti (data ya ndani ya programu) unaigeuza mwenyewe kuwa baiti, mi kwa uvivu nikatumia pickle ya Python (inakugeuzia objekti ila inakumbuka klasi yake iko faili gani), siku nikahamishia klasi ya Mkulima (muundo wa rekodi ya mkulima kwenye programu) faili lingine basi rekodi zote za zamani zikagoma kufunguka, kreti zimepanga foleni mlangoni, jasho lilinitoka aisee 😅 saa hizi naweka JSON, maandishi ya kawaida yasiyotegemea klasi. Kikomo cha saizi ya hifadhidata inachokuja nacho ni MB 10 tu, ipandishe mapema. Funguo (jina la kuitia rekodi) mwisho baiti 511, inatosha sana.