Waya wa Pikipiki Tanga: Kwangua Kabla ya Kulipa

Malalamiko ya madereva wa bodaboda hapa Tanga yanafanana: taa ya breki inawaka inapotaka, honi inakoroma, indiketa zimezubaa. Wengi wao wameshabadilisha balbu, swichi, hata betri. Kosa limo kwenye waya walionunua kwa mita.

Waya mwingi unaouzwa kama shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukitokea mweupe ndani, mrudishie muuzaji. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba, na ikibanwa kwenye teminali ya shaba kisha ikapata chumvi, inaliwa. Pikipiki inayobeba matenga ya samaki kutoka mwalo wa Deep Sea inachuruzikiwa maji ya chumvi moja kwa moja kwenye soketi za taa ya nyuma. Bandua tepu hapo utakuta unga mweupe, na nyuzi mbili tatu ndizo zimebaki zimeshika.

Ukubwa wa waya hauna shida: milimita mraba 0.75 kwa indiketa na breki, 1.25 kwa taa kubwa na honi, 2 kutoka betri hadi fyuzi. Taa ya wati 35 hula ampea 3 hivi.

Kwa soketi za kuungia waya, namba moja ni Deutsch DT, na hapo sibanduki. Pini yake ya kawaida hubeba ampea 13, na kila waya hupita kwenye mpira wake wa kuzuia maji. Ila ina masharti. Pini ngumu hubanwa kwa plaizi yake maalumu, si koleo la kukatia nondo. Isukume mpaka ilie, ivute kidogo kuhakikisha, ndipo utie kabari, kile kipande cha plastiki kinachofunga pini. Bila kabari pini hurudi nyuma kwa mtikisiko. Tundu lisilo na waya lizibwe kwa kizibo chake. Na waya wenye ganda jembamba mno haujazi ule mpira, maji yatapenya pembeni.

Namba mbili ni Sumitomo HM ya kuzuia maji, ulimi wa milimita 2.3. Ni ndogo, inajificha vizuri nyuma ya taa ya mbele.

Zile za duara, dume na jike, zitumie kwenye indiketa tu, ukizipaka grisi. Za kubana, za plastiki nyekundu na buluu, ziache dukani. Kuunga kwa risasi ya kuyeyusha nako si dawa: waya hukatika pale risasi inapoishia.

Kinachoudhi ni maduka. Roli halina maandishi ya ukubwa, ganda nene linafunika nyuzi kumi za kuhesabu, na bei ni ileile ya shaba. Soketi za DT nazo wanazivunja: nyumba (ganda la soketi) bei yake, pini bei yake, kabari “imeisha”. Kama kabari hakuna, usiichukue hiyo nyumba hata wakikupunguzia.