Matairi ya Gari la Familia: Soma Tarehe Kabla ya Kuuliza Bei

Desemba mwaka 2021 tulikuwa tunarudi Dodoma kutoka Morogoro, watoto watatu wakiwa kiti cha nyuma, na tulipokuwa tumeshaipita Gairo tukielekea Kibaigwa, tairi la nyuma la upande wa kushoto likapasuka. Matairi yote manne ya Toyota Wish yetu nilikuwa nimeyanunua miezi saba tu kabla ya hapo. Kashata zake, yaani yale meno yanayoshika barabara, zilikuwa nzima, upepo nilikuwa nimeupima asubuhi ile ile, na mwendo wetu haukufika kilomita 90 kwa saa. Mume wangu alilimudu gari mpaka likasimama pembeni, tukashuka salama. Fundi aliyekuja kutusaidia aliinama, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole, akanionyesha tarakimu nne: 0815. "Mama, hili limetengenezwa wiki ya nane ya mwaka 2015," alisema. Niliuziwa kama jipya, na ni kweli lilikuwa halijawahi kukanyaga barabara, lakini lilikuwa limekaa miaka sita likisubiri mnunuzi.

Saizi sitaieleza hapa, kwa kuwa imeandikwa ubavuni mwa tairi ulilo nalo na kwenye kibandiko kilichopo karibu na mlango wa dereva. Ninachotaka kila mwenye gari la familia katika mji huu akijue ni tarehe, kwa sababu ndicho kitu ambacho karibu hakuna mnunuzi anayekiuliza na hakuna muuzaji anayekitaja.

Tafuta herufi DOT, kisha ufuate mstari huo mpaka mwisho wake, utakuta tarakimu nne ndani ya kifremu kidogo. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2324 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarehe hiyo huwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga upande huo ukiwa umeelekea ndani hutaiona tena mpaka uingie chini ya gari. Isome kabla tairi halijavishwa kwenye rimu, na uisome kwa matairi yote manne, kwa maana nimewahi kutolewa seti moja ambayo mawili yalikuwa ya mwaka mmoja na mawili yamezidiana nayo kwa miaka mitatu.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Hewa ya oksijeni na joto huukausha polepole, na dawa ambazo kiwanda huzichanganya ndani yake ili kuulinda hupanda juu vizuri zaidi tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Lililolazwa dukani halipati nafasi hiyo. Sasa fikiria hali yetu hapa Dodoma, ambako mvua ni ya miezi michache, jua ni kali karibu mwaka mzima, na magari ya wafanyakazi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hushinda nje tangu asubuhi mpaka jioni. Tairi lililokwisha kukauka kabla ya kununuliwa huanza kuonyesha nyufa nyembamba kama nywele ubavuni, na safari ndefu ya mchana kuelekea Singida au Morogoro humalizia kazi. Michelin wenyewe hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutumika miaka mitano, na liondolewe likifikisha miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama kwa macho linapendeza. Mimi nimejiwekea masharti makali zaidi: silinunui lililozidi miaka miwili, la miaka mitatu nalichukua tu bei ikishushwa, na zaidi ya hapo natoka dukani.

Kwa tarehe zinazolingana, chaguo langu la kwanza ni Bridgestone, na sifichi kwamba naipendelea. Seti niliyoifunga baada ya ajali ile imekwenda Singida, Kondoa, na Iringa kupitia Mtera, na nilipoikagua mwaka wa tatu ubavu ulikuwa bado laini. Ya pili ni Yokohama, ambayo ningeinunua bila wasiwasi siku nikiikosa ya kwanza. Ya tatu naiweka Dunlop, na Hankook ya Korea inaifuata kwa karibu. Michelin ni tairi bora sana, ila bei niliyotajiwa haikuniruhusu kufikiria mara mbili. Ya Kichina ya bei nafuu, kama Linglong, yanafaa kwa gari linalozunguka mjini. Ya mtumba usiyaweke kwenye gari linalobeba watoto. Lakini mpangilio huu wote unavunjwa na tarehe: Linglong la mwaka huu nalichukua kabla ya Bridgestone la miaka sita.

Ukikuta ubavuni neno TEMPERATURE likifuatiwa na herufi, chagua A, ambayo ndiyo inayostahimili joto kuliko B na C.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba tairi la miaka sita na la miezi sita huuzwa kwa bei moja. Niliporudi kwa muuzaji wangu, aliyenitoza shilingi 165,000 kwa kila tairi, alinijibu kwamba tairi si maziwa, haliharibiki, kisha akanionyesha tangazo ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiache kuzalisha, tunategemea matairi yanayovuka bahari, yanayokaa kwenye maghala ya watu wengi kabla ya kutufikia, na kila mmoja hupokea faida yake huku uzee ukiachwa kwa mnunuzi wa mwisho. Maduka mengine huyapanga barazani juani kutwa nzima ili yavutie wapita njia, kisha huyapaka dawa ya kung'arisha. Usikubali lile la barazani, omba la ndani. Dai risiti ya EFD na umwombe muuzaji aandike juu yake zile tarakimu nne. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Ukimaliza yote manne, fungua buti ulitazame tairi la akiba. Kwenye magari mengi yanayotoka Japani likiwa bado lile lililokuja na gari, lina umri sawa na gari lenyewe, na kama ni lile jembamba la muda, mwendo wake wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Letu lilikuwa la mwaka 2004, na ndilo lililotufikisha nyumbani usiku ule, tukiendesha polepole kutoka Kibaigwa huku nikilisikiliza njia nzima.