Chumvi, Bolti na Helmeti: Vifaa vya Baiskeli Nilivyovitumia Msimu Mzima wa Triathloni

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena mezani. Leo meza imejaa vifaa vya baiskeli ya triathloni, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Nina helmeti mbili, taa ya nyuma, pampu ya mkono, chupa mbili za mafuta ya cheni, spana ya torki, rula ya shule, na hii bolti ndogo yenye kutu niliyoiweka kwenye kisosi cheupe ili muione vizuri. Nitaanza na bolti, maana ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii.

Ngoja niisogeze karibu na kamera. Mnaona nyuzi zake zilivyolika? Hii ni bolti ya M5, yaani yenye unene wa milimita 5, iliyokuwa inashika eroba zangu, zile fimbo mbili za kulalia mikono mbele ya usukani. Mwezi wa pili nilikuwa naelekea Bunju, alfajiri, Barabara ya Bagamoyo, nimelala kabisa juu ya eroba. Tairi la mbele likaingia kwenye kishimo, wala si kikubwa, na eroba ya kulia ikazunguka kwenda chini. Kiwiko kikakosa pa kuegemea. Baiskeli ikayumba hadi katikati ya barabara. Nyuma yangu hakukuwa na gari. Kungekuwa na gari, sijui nani angewaelezea habari hizi leo.

Fundi alipoifungua aliniuliza, "Kaka, hii baiskeli unaihifadhi ufukweni?" Haikai ufukweni. Ila kila Jumamosi natoka baharini, nguo zinachuruzika, napanda baiskeli hapohapo na kulala mbele. Maji ya chumvi yanadondoka kutoka kidevuni na kwenye mikono, na yanadondokea palepale zilipo bolti za usukani na beringi za shingo ya usukani. Baadaye jasho linaongezea. Chumvi ikishajificha kwenye nyuzi za bolti huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Dar mnaijua, kwa hiyo sehemu ile haikauki hata baiskeli ikikaa ndani wiki nzima. Anayeendesha baiskeli tu bila kuogelea hapati mzigo huu. Sisi wa triathloni tunaupata, na wengi wetu tunaangalia cheni tu kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Bolti hailalamiki.

Kwa hiyo leo sitawaambia kifaa gani kinakupunguzia sekunde ngapi. Nimeviangalia kwa swali moja: je, kinanirudisha nyumbani mzima, na kinastahimili chumvi?

Spana ya torki kwanza. Hii hapa. Ni spana inayopima nguvu unayokazia, na inalia "tik" ukifikia kipimo ulichoweka. Kwenye shingo ya usukani mara nyingi utakuta kipimo kimeandikwa, kwa mfano 5 Nm, yaani nyutoni mita 5. Zamani nilikuwa nakaza kwa kuhisi mkono, na mkono unadanganya: ukikaza kidogo eroba inazunguka, ukizidisha unavunja uzi au, kama usukani ni wa kaboni, ile nyenzo nyepesi ya baiskeli za mashindano, unaupasua bila kujua. Sasa kila mwezi nazitoa bolti za mbele moja baada ya nyingine, nazifuta, napaka grisi nyembamba, nazirudisha kwa kipimo. Dakika 20. Kama fremu yako ni ya kaboni, au usukani ni wa kaboni, soma kwanza maelekezo ya mtengenezaji. Si kila usukani wa kaboni unaruhusiwa kufungwa eroba. Spana hii naipa alama zote. Ingekuwa juu yangu, mtu asingeuziwa eroba bila kuuziwa na hii.

Na hizo eroba zenyewe, ndugu zangu, tuziongee kwa uwazi. Ukizilalia, mikono yako iko mbali na breki. Mwenge, Tegeta, popote penye kituo, daladala inakata kushoto bila taarifa kwa sababu abiria kapunga mkono. Hiyo nusu sekunde ya kuhamisha mkono kutoka kwenye eroba hadi kwenye breki hutaipata. Mimi nazilalia pale tu barabara iko wazi na naona mbali, na sizilalii kabisa nikiwa kwenye kundi. Hilo halina mjadala kwangu.

Helmeti. Ninazo mbili hapa. Hii ndefu, laini, isiyo na matundu mengi, ndiyo ya kukata upepo. Hii nyingine ni ya kawaida ya barabara, ina matundu ya kutosha. Nimezivaa zote kwenye joto la mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, na nasema hivi: kwa mwanatriathloni wa kawaida wa huku kwetu, nunua ya matundu. Ile nyingine ilinipikia kichwa, na ukishuka kwenye baiskeli umeshachemka bado una kilomita 10 za kukimbia kwenye lami.

Ila kabla ya umbo, geuza helmeti uangalie ndani. Tafuta kibandiko. Cha Ulaya kitaandika EN 1078, cha Marekani kitaandika CPSC. Mara nyingi utakuta pia tarehe ya kutengenezwa. Kama hakuna kibandiko chochote, rudisha rafuni hata kama rangi imekuvutia. Na hapa nawasihi kabisa: msinunue helmeti ya mtumba. Baiskeli ya mtumba sawa, jezi ya mtumba sawa, viatu hata mimi nimevaa. Helmeti hapana. Ndani yake kuna povu gumu, kama lile linalowekwa kwenye boksi la runinga, na kazi yake ni kubonyea mara moja ili fuvu lako lisibonyee. Likishabonyea limekwisha. Kwa nje ganda linaweza kung'aa kama jipya, na muuzaji wa mtumba hajui ilianguka na nani. Hata yako mwenyewe, ukianguka nayo ikapiga chini, iage.

Kuvaa: ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja au viwili tu. Kwenye mashindano kumbuka sheria: mkanda wa helmeti ufungwe kabla hujaitoa baiskeli kwenye chanja yake, na usifunguliwe mpaka umeirudisha. Nimeona watu wamefanya mazoezi miezi sita halafu wanaadhibiwa kwa hilo. Fanyeni mazoezi yake nyumbani, mikono ikiwa imelowa.

Taa ya nyuma. Taa yenyewe haina shida, inachajiwa kwa waya, inamweka vizuri, nimeilowesha na mvua ya masika mara tatu na bado inafanya kazi. Shida ni mahali pa kuifunga. Tazameni nyuma ya kiti changu: nimefunga vishika chupa viwili, kama wengi wetu. Nikiiweka taa kwenye nguzo ya kiti, chupa zinaifunika. Nilitembea hivyo mwaka mzima nikidhani naonekana, mpaka mwenzangu aliyekuwa nyuma akaniambia haoni kitu. Sasa nimeihamishia kwenye bomba la fremu linaloshuka kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kulia, upande magari yanapopita. Washeni hata mchana. Leo ukimaliza video, simama hatua kumi nyuma ya baiskeli yako uangalie.

Cheni sasa, na rula ya shule. Hiki ni kipimo cha bure. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 20 mbele. Cheni mpya, ile pini ya 20 iko milimita 254 kamili. Kwa baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma, ikifika 255 na kidogo, badilisha. Kwa gia 8 mpaka 10, unaweza kungoja ifike 256. Ukiiacha ipite hapo inakula sproketi, yale magurudumu ya meno ya nyuma, na sproketi ni ghali kuliko cheni mara kadhaa. Pima cheni ikiwa imekazwa, isining'inie.

Mafuta yake: chupa hii ya kushoto ni ya nta, ya kulia ni ya mafuta mazito. Ya nta ndiyo ninayoipenda kwa vumbi na mchanga wetu, maana haigandishi uchafu, lakini inadai cheni iwe safi kabisa kabla ya kuipaka, na ikishalowa na mvua inaisha haraka. Masika narudi kwenye mafuta mazito. Oili ya injini ya pikipiki acheni, inashika mchanga na unakuwa unasaga cheni kwa msasa. Kusafisha, mafuta ya taa na mswaki wa zamani vinatosha. Iache ikauke ndipo upake. Kama breki zako ni za diski, usipulize chochote karibu na diski. Tone moja tu na breki inapoteza nguvu.

Nikiwa kwenye breki, neno kwa wanaojiandaa kwenda Rubavu, Rwanda. Tangu 2022 pale kando ya Ziwa Kivu kunafanyika mashindano ya Ironman 70.3: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Dar ni tambarare. Breki zako hapa hazijawahi kuulizwa swali gumu. Rwanda ni milima, na utashuka kwa kasi ambayo Barabara ya Bagamoyo haijawahi kukupa. Angalia vipande vya breki kabla ya safari: vya rimu vina mistari, ikifutika vimekwisha, na chomoa vijiwe vilivyojichomeka humo. Vya diski, mimi nabadilisha ikibaki milimita 1. Halafu, Rwanda wanaendesha kulia. Ukiwa mazoezini siku mbili kabla ya mashindano, kwenye mzunguko wa barabara, macho yako yataangalia upande usio sahihi. Jiandae.

Pampu ya mkono naichagua dhidi ya vile vichupa vya gesi. Gesi inajaza tairi kwa sekunde chache, kweli, lakini kichupa kimoja ni pancha moja, na gesi ile hupenya mpira haraka, kesho tairi limelegea. Pampu haiishi. Matairi natumia ya milimita 28. Nina kilo 72, naweka presha ya psi 75 nyuma na 70 mbele, na vishimo havinipigi kama zamani nilipokuwa na 23.

Ncha za usukani zizibwe. Kizibo kimoja kikipotea, waamuzi hawakuruhusu kuingia, na ukianguka lile bomba wazi linakata nyama.

Kuosha: maji baridi ya kawaida, ndoo na kitambaa, siku ileile uliyotoka baharini, ukianza na usukani na beringi za shingo. Msiipeleke kwa vijana wa kuosha magari. Ile presha inasukuma maji na chumvi ndani ya beringi, unalipia kuharibiwa.

Jambo la mwisho nawaomba ninyi. Bolti za eroba nimeagiza kwa mtengenezaji wake, hizo sibahatishi. Ila za vishika chupa natafuta M5 za chuma kisichoshika kutu, urefu wa milimita 12, na Kariakoo nimezunguka maduka manne bila kupata. Anayejua duka aniandikie hapo chini, na aseme mtaa.