Seva ya kukodi iliyolipoteza tetemeko: uzoefu wangu

Nimekuwa mteja wa kampuni hii ya kukodisha seva kwa zaidi ya mwaka mmoja, na sikuwahi kuandika neno lolote juu yake hadi usiku ule wa mvua za vuli ambapo vikombe viligongana kabatini, mabati yakalia juu ya vichwa vyetu, nami nikakimbilia kompyuta kutazama kifaa changu cha kupimia mitetemo kimeandika nini, nikakuta pengo jeupe kwenye grafu.

Kabla ya pengo mstari ulikuwa umetulia, na baada yake ulionekana mkia tu wa wimbi la S, yaani lile la pili, la polepole zaidi. Wimbi la P, ambalo ndilo hutangulia, lilikuwa limepotea lote. Kwa mtu mwenye kituo kimoja cha nyumbani hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu umbali wa tetemeko la karibu tunaukadiria kwa kuhesabu sekunde zilizopo kati ya P na S na kuzizidisha kwa kilomita 8 hivi. P isipokuwepo, hesabu haianzi. Mama alinipigia simu palepale akiuliza, "Mwanangu, limetokea wapi? Ni kama lile?" Lile analolisema ni la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba nyingi hapa Bukoba na kuangusha ukuta wa chumba ambacho yeye alikuwa ametoka muda mfupi tu. Ni kwa ajili ya swali lake hilo nilinunua jiofoni, yaani kihisi cha mtetemo wa ardhi, nikaiunganisha na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kuifunga kwenye sakafu ya stoo. Usiku ule sikuwa na jibu la kumpa.

Kifaa cha stoo hakikuwa na kosa. Kinachukua sampuli 100 kila sekunde, kinazipiga muhuri wa saa hapohapo, kisha kinazituma kwenye seva niliyokodi, yaani kompyuta ya mbali inayozipokea na kuzichora, kwa njia ya UDP, ambayo haimwulizi mpokeaji kama amepata. Seva ikichelewa, foleni hujaa na pakiti, yaani mafungu ya data, hutupwa, wala hazirudi tena. Mimi nilikuwa nimeizuia Raspberry Pi isihifadhi chochote, ili kadi yake ya kumbukumbu isichakae kwa kuandikwa usiku na mchana, nikaiamini seva ya kulipia kwamba ndiyo mahali salama.

Nikawasiliana na huduma kwa wateja. Nilieleza kwa utaratibu, nikaambatisha picha ya grafu, nikaomba waangalie hali ya mashine usiku ule. Kijana aliyepokea alinijibu, "Kaka, seva yako ni nzima. Hizo data za matetemeko siyo biashara yetu. Ukiona nzito, lipia kifurushi kikubwa." Nilipomwomba aniunganishe na fundi, alifunga mazungumzo. Sikuwa nimemtolea lugha mbaya hata neno moja, na sijui ni mteja gani anayestahili kufungiwa mlango kwa kuuliza jambo analolilipia.

Basi nikaanza kuchunguza mwenyewe, nikiwa na hasira na nia ya kuthibitisha kwamba wao ndio waongo. Niligundua kwamba uzito haukuja ovyo: asubuhi seva ilikuwa nyepesi, jioni ikaanza kuhema, na ilipofika saa tisa usiku ikapona ghafla. Kwa siku kadhaa nilishikilia kwamba hao ni wapangaji wenzangu wa mashine ileile, wanaotumia sana jioni na kwenda kulala. Lakini nani huacha kazi saa tisa kamili kila siku? Saa tisa ya usiku wetu ndiyo saa sita ya usiku kwa UTC, saa ya kimataifa ambayo kifaa changu hutumia, yaani wakati ambapo faili la siku linafungwa na jipya linafunguliwa. Programu yangu ya kuchora grafu ilikuwa inalisoma na kulichuja faili zima tangu mwanzo wa siku, kila baada ya dakika moja, na siku nzima ni sampuli 8,640,000. Isitoshe, nilikuwa nimeweka kupokea na kuchora katika programu moja, hivyo wakati inachora haipokei. Kosa hilo ni langu, na kijana yule alikuwa sahihi kwa sehemu.

Nikatenganisha kazi hizo mbili, mchoraji akabaki kusoma dakika kumi za mwisho peke yake, na mapengo yakapungua sana. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu na kuomba radhi.

Hata hivyo, hayakuisha. Jioni kadhaa yalirudi, na safari hii nilikuwa nimeacha amri ya top, inayoonyesha prosesa inatumiwaje, ikiandika kila kitu. Safu ya st, inayoonyesha muda ambao seva yangu ilitaka prosesa na kunyimwa kwa kuwa imeshikwa na wengine, ilipanda hadi asilimia 38, huku programu zangu zikiwa hazifanyi kazi yoyote ya maana. Wameuza mashine moja kwa watu wengi kuliko inavyoweza kubeba, na hilo fundi wao angeliona kwa dakika mbili kama ningeruhusiwa kuzungumza naye. Niliwatumia rekodi hizo. Walijibu kwa ujumbe uleule wa kifurushi kikubwa.

Kwa hiyo nyota ni mbili, na ya pili ni kwa sababu tovuti yenye picha za grafu haijawahi kuzimika, nami bado nailipia kwa kazi hiyo tu. Upokeaji nimeurudisha nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu yenye diski yake, hatua tatu kutoka ilipo jiofoni. Juzi ardhi ilitikisika kidogo alfajiri, P na S zote zikaandikwa, sekunde 11 kati yake, na mama alipopiga simu nilimwambia kwamba ni mbali, kama kilomita 90.