SON 28: taa ya baiskeli isiyosugua tairi

Anayewahi dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri anaijua kero ya dainamo (kifaa cha kufua umeme wa taa) ya kusugua tairi: mvua ikinyesha inateleza, taa inafifia palepale penye mashimo, na ubavu wa tairi unalika. SON 28, inayotengenezwa na kampuni ndogo ya Wilfried Schmidt huko Tübingen, Ujerumani, haisugui chochote. Ni habu (kitovu) ya gurudumu la mbele yenye sumaku na koili ndani, inayotoa volti 6 na wati 3 kwa mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa.

Uhodari wake uko kwenye hewa. Habu ikipigwa jua mchana kutwa, hewa ya ndani hutanuka. Ikipoa, au ikimwagiwa maji ghafla, hewa hiyo hunywea na kufyonza unyevu kupitia kwenye beringi. Kutu huanzia hapo. Schmidt ameitengenezea hewa njia yake ndani ya ekseli, kwa hiyo unyevu haupiti kwenye beringi. Kwa mji wa kando ya ziwa, hilo peke yake linatosha kuipa alama za juu. (Pampu ya presha ya kuoshea magari bado usiielekeze huko.)

Kabla ya kuagiza, hesabu matundu ya ringi, 32 au 36, kisha pima nafasi ndani ya foku: inatakiwa milimita 100. Foku ya baiskeli ya kizamani ikiwa nyembamba, usiitanue kwa nguvu. Itapinda na gurudumu litavuta upande. Spoki za zamani nazo hazitafaa, maana flanji, yaani kingo za habu zinazoshika spoki, ni kubwa, hivyo zinatakiwa fupi zaidi. Sehemu za habu za kuunganishia waya zikae kulia, na waya uachiwe kitanzi, la sivyo utakatika siku ya kuziba pancha.

Funga taa za LED za dainamo. Kwa balbu za kizamani, ya mbele ya wati 2.4 ikiungua, umeme wote unaiendea ya nyuma ya wati 0.6 na kuiunguza. Simu usiichomeke moja kwa moja: umeme huu unageuka mwelekeo, unahitaji kifaa cha kuunyoosha kwanza.

Kasoro ni mbili. Bei inazidi ya baiskeli nzima ya Phoenix, na beringi zikichoka habu inarudi kiwandani. Fundi wetu aliyezoea kufungua kila kitu apake grisi, hii asiiguse. Anayerudi nyumbani kabla ya magharibi atosheke na taa ya kuchaji.

Ukiinunua, ifunge kwa ekseli ya kukazwa na ufunguo wa Allen, siyo ya kufunguka kwa mkono, inayomrahisishia mwizi. Ukiegesha Makoroboi, hapa Mwanza, dakika tano, utaelewa.