Albamu Moja kwa Siku, au Moja kwa Wiki?

Orodha ya albamu bora kuliko zote ya Rolling Stone, jarida la muziki la Marekani, ina albamu 500. Ukisikiliza moja kila siku, utaimaliza kwa mwaka mmoja na miezi minne na ushei. Ukikaa na moja wiki nzima, ni miaka tisa na nusu. Nimejaribu njia zote mbili hapa Lamu, na nimeshachagua.

Ya kila siku inakuonjesha mengi upesi. Lakini mwezi ulipokwisha, nilikumbuka majina na picha za majalada tu; muziki wenyewe ulishanitoka.

Ya wiki ndiyo iliyonifunza kusikiliza. What's Going On ya mwimbaji wa Marekani Marvin Gaye, ya mwaka 1971, ndiyo iliyowekwa ya kwanza orodha ilipopangwa upya mwaka 2020. Siku ya kwanza niliiona nyororo, basi. Siku ya nne nilikuwa barazani baada ya isha, punda wa mwisho ameshapita uchochoroni, ndipo nikatambua kwamba wimbo mmoja unamwagikia mwingine bila kituo, na kwamba Gaye anaimba juu ya sauti yake mwenyewe, mbili zikijibizana. Usiku uleule nikamweka Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa hapa hapa Lamu, nikausikia udi wake ukiijibu sauti yake kama sijawahi kuusikia.

Albamu isiyoniingia, kweli, siku saba ni nyingi mno. Hiyo huiacha siku ya tatu.