Tudor au Nairobi kwa mchoraji anayetaka uhandisi

Mpwa wangu huchora, tena hufungua redio mbovu akazitengeneza. Nimempimia njia mbili za kusoma uhandisi bila kuacha sanaa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilikuwa politekniki tangu 1972, kikawa chuo kikuu kamili 2013. Uhandisi upo. Sanaa ataifuata Changamwe, humo humo Mombasa, kwa wachongaji wa vinyago wa ushirika wa Akamba, au Mji wa Kale, ambako mlango mmoja una nakshi ya kumliza mtu, na bado fundi alilazimika kupima uzito wa mbao kabla ya kugusa patasi. Hilo ndilo somo lenyewe!

Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada za ubunifu na za uhandisi, lakini kila moja kitivo chake. Ningembakisha Tudor, mradi Jumamosi zote ziwe za Changamwe.